Vidole Viwili vya Marehemu

Saa tatu ya asubuhi ukungu ulikuwa bado haujaondoka West Bay. Ukisimama mlangoni mwa hoteli ukitazama juu, maghorofa yote ya jirani yalikuwa yamekatwa vichwa. Latifa Mbaruku alifunga mlango wa kichumba cha walinzi, akammiminia mgeni wake chai ya karak, ile ya maziwa na iliki, akakaa. Alikuwa polisi Tanga miaka kumi na minane kabla hajaja Doha kusimamia walinzi wanawake wa hoteli hiyo, na mpaka leo Waswahili wa huku wakipatwa na jambo humjia yeye kwanza.

Mgeni hakukigusa kikombe. Jina lake Mariamu, mpishi kwenye nyumba moja ya Umm Salal.

"Bi Latifa, nimemwona kaka yangu."

"Kaka yako amezikwa, mwanangu. Leo siku ya kumi na mbili."

"Najua. Nimemwona jana, ndani ya Fabian."

Latifa alifungua daftari lake dogo lenye jalada la kijani, akaandika tarehe juu ya ukurasa. "Anza mwanzo. Wala usikimbie."

Mariamu alieleza. Kaka yake Yusufu alikuwa teja Tanga miaka sita, kila mtu mtaani anajua. Miezi mitatu iliyopita, akiwa likizo nyumbani kutoka kazi yake ya hapa Doha, alipelekwa nyumba ya soba, wanakokaa wanaoacha unga. Alipokwisha kutoka kwenye arosto, yale maumivu ya kukosa unga, daktari akampasua kidogo tumbo la chini upande wa kushoto, akamwekea kipandikizi chini ya ngozi. Dawa iliyomo ndani yake inavuja polepole mwilini, na mtu akivuta unga hausikii, ni kama kavuta moshi wa kuni. Yusufu akarudi Doha mtu mwingine. Ila alirudi na tabia moja. Kila baada ya muda alikuwa akikigonga kile kidude kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, mara mbili, halafu anatulia na kuinamisha kichwa kama mtu aliyebisha hodi na sasa anasikiliza.

"Jana nimekwenda kuchukua sanduku lake la nguo," Mariamu alisema. "Fabian, yule aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, alikuwa amekaa kwenye kitanda cha marehemu. Tunazungumza, mara mkono ukashuka hapa." Alijishika kushoto, chini ya kitovu. "Vidole viwili. Mara mbili. Akainamisha kichwa. Bi Latifa, hata shingo ilikuwa ya Yusufu. Nililiacha sanduku nikatoka mbio."

"Watu huiga tabia za waliokufa. Huzuni hiyo."

"Huzuni haimwachishi mtu unga. Fabian alikuwa anavuta, wote wanajua. Tangu Yusufu afe hajavuta hata siku moja. Wenzake wanasema marehemu kamwingia."

Latifa hakucheka. Alimwomba arudie habari ya siku ya kifo, kama Fabian alivyoieleza. Ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko. Baada ya chakula cha mchana, kwa maneno ya Fabian, walivuta pamoja, wakalala. Yeye akazinduka magharibi, akamkuta mwenzake wa baridi. Foili ya kuvutia akaitupa kabla polisi hawajafika ili kumsitiri. Daktari alimtazama juu juu tu, na karatasi ya serikali iliandika kwamba pumzi zilisimama, uchunguzi haujafungwa.

"Na wewe ulipofika ulifanya nini?"

"Nilifanya usafi. Watu wangekuja kutoa pole, chumba kichafu. Nikafagia, nikatandika, nikaosha kikombe."

"Vikombe vingapi?"

"Kimoja. Cha maziwa ya tangawizi. Chini kulikuwa na unga-unga mweupe, nikadhani sukari haikukorogwa."

Kalamu ya Latifa ilisimama, kisha ikaendelea. "Unataka nikutafutie nini, Mariamu?"

"Jambo moja tu. Mama kasema kama alirudia unga, hitma hasomewi, na jina lake lisitajwe nyumbani kwake. Ya siku ya tatu haikusomwa. Arobaini inakuja. Mimi ndiye niliyemwambia mama kuwa kapona. Nitafutie, alirudia au hakurudia?"

Latifa alitoka kazini saa tano akaenda Al Mansoura, kwenye zahanati ndogo iliyo juu ya duka la vitambaa. Kerubo, muuguzi kutoka Kisii, alikuwa akila chapati nyuma ya pazia huku amesimama.

"Aki Bi Latifa, wewe hukuja kusalimia. Hiyo sura ni ya maswali."

"Yusufu alipita hapa?"

"Alikuja. Mwezi mmoja kabla ya kifo, jino limeoza mpaka kwa mzizi. Likang'olewa."

"Nadhani kipandikizi chake kilikuwa feki," Latifa alisema. Ndilo wazo alilokuja nalo njia nzima. Kama kile kidude kilikuwa kipande cha nta tu, basi unga ulipita, na maneno ya Fabian yalikuwa kweli.

Kerubo alitikisa kichwa, akafuta mikono. "Feki? Hapana. Daktari alimpea dawa ya maumivu, ile kali yenye undugu na unga. Mimi sikujua ako na hiyo kitu mwilini. Nikampigia jioni kumjulia hali, akaniambia, 'Sista, ni kama nimemeza chaki.' Kesho yake akanionyesha. Kamstari kadogo ka kovu, na chini yake kitu kigumu kama kokwa ya tende. Nikamwambia, basi wewe umefungiwa mlango, tutumie dawa ya aina ingine."

"Kilikuwa kinafanya kazi."

"Sana. Na kilikuwa bado na miezi."

"Ijumaa ile, angevuta unga ungemlaza?"

"Haungemwamsha wala kumlaza."

"Na vidonge vya usingizi?"

Kerubo aliacha kufuta mikono. "Hizo ni maneno mengine. Hicho kidude kinalinda mlango wa unga peke yake. Dawa za usingizi zinapita hapo bila hata kusalimia. Lakini nani amesema alimeza dawa za usingizi?"

"Kikombe kimesema. Leo umepumzika alasiri?"

"Nilikuwa nimepanga kulala."

"Utalala kesho. Chukua na mkoba wako."

Aliyemwosha Yusufu alikuwa Suleimani, Mpemba, dereva wa basi la wafanyakazi, ambaye hujitolea kuosha maiti za wanaume wa kwetu wanaofia huku. Latifa alimkuta kaegesha basi tupu pembeni mwa bakala, duka dogo la mtaani, milango wazi, anapiga deki ngazi kwa kitambaa.

"Suleimani, nimekuja kwa habari ya Yusufu."

"Mungu amrehemu."

"Ulimwosha wewe."

"Nilimwosha. Na la kwenye kuosha huliulizi, Bi mkubwa. Nilichokiona pale nimekifukia naye. Ndiyo amana yenyewe hiyo."

"Sikuulizi ulichokiona. Mimi mwanamke, mwanamume sijaosha. Nataka unifundishe kazi, unavyoanza na unavyomaliza."

Suleimani alikikamua kitambaa. "Wewe mtu wa hila," alisema, lakini alipanda ndani, akaenda mpaka kiti kirefu cha nyuma, akakunja mikono ya shati. Latifa akasimama kando. Nje ukungu ulikuwa umeganda kwenye vioo, na ndani ya basi mwanga ulikuwa mweupe bila chanzo.

Mikono ya Suleimani ikaanza kuosha kiti kitupu. Ilikwenda bila haraka, kama ilimjua aliyelala pale. Aliinua kichwa kisichokuwepo, akakilaza. Bega la kulia, mkono, ubavu wa kulia, paja mpaka vidole vya mguu. Kisha akavuka kushoto. Bega, mkono, ubavu. Chini ya kiuno mikono ikasimama hewani.

"Hapo mbona huendi?"

"Hapa nilikaa kidogo."

"Ulitumia pamba?"

"Tatu."

"Kwa kawaida mahali hapo mnaweka pamba ngapi?"

Gari lilipita barabarani likipiga honi, likapotea ukunguni.

"Hapo hapawekwi pamba," alisema hatimaye.

"Suleimani. Mama yake amemfungia jina. Unachokilinda ndicho kinachomdhalilisha."

Yule bwana alikaa kwenye kiti kile kile, akakumbuka, akainuka upesi akakaa kingine. "Nilidhani ndipo alipojidunga. Ati kakatwa kakashonwa, nikasema haya ni mambo yao ya unga. Mwenzangu alikuwa anamimina maji, nikamshushia shuka asione. Nikasema kijana keshakwenda, mimi nani nimvue nguo mbele za watu?"

"Pameshonwa kwa uzi gani?"

"Mnene. Rangi ya maziwa, umepakwa nta. Mishono mitano sawasawa, kama imepimwa kwa rula."

"Pembeni mwa jeraha pakoje?"

"Pamevimba. Pekundu."

"Maiti akikatwa havimbi."

"Havimbi," Suleimani alikubali, na hapo ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe. "Alikuwa hai."

"Ulipobonyeza, ndani kulikuwa na kitu kigumu? Kama kokwa ya tende?"

"Hamna. Laini tupu." Alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Siku kumi na mbili nanyamaza, naona nimefanya wema. Basi nimemsitiri nani, Bi Latifa?"

Latifa alifungua daftari lake. Aliandika: kushoto, mishono mitano, uzi wa nta, uvimbe, kipandikizi hakimo. Akaomba wapitie zahanati kumchukua Kerubo, kisha wapelekwe Umm Salal na lile lile basi.

Karakana aliyofanyia kazi Fabian ilikuwa nyuma ya shamba la mitende, nyumba ndefu ya bati wanakoshona matakia ya majlisi, vile vyumba vya kukaribishia wageni. Wafanyakazi walilala vyumba vya uani. Saa tisa alasiri ukungu ulikuwa umeshuka tena, mzito, na mbwa wa shamba alikuwa akibweka upande ambao haukujulikana ni upi. Mariamu, aliyekwisha kupigiwa simu, aliwangoja getini. Suleimani alikataa kushuka.

Ndani, matakia yaliyokamilika yalikuwa yamelazwa safu kwa safu, yamefunikwa kitambaa cheupe, marefu kiasi cha mtu. Mwisho wa safu alikaa mwanamume mwembamba wa Bukoba akishona ukingo. Palinuka gundi, pamoja na udi uliochomwa kwa wingi kupita kiasi, na chini ya udi harufu nyingine tamu iliyomfanya Kerubo asimame ghafla.

"Karibuni," Fabian alisema bila kuinuka. Paji lake la uso lilikuwa linang'aa jasho, na ilikuwa baridi. "Mariamu, pole tena, dada. Sanduku lipo."

Latifa alivuta kigoda akakaa mbele yake. Alinyoosha mkono akauchukua uzi uliokuwa kwenye sindano, akaupitisha kati ya vidole. Mnene, rangi ya maziwa, una nta.

"Kazi nzuri. Wenzako wanashona hivi?"

"Mimi ndiye wa kingo, mama. Wale wengine ni kukata na kujaza."

"Ijumaa ile mlivuta wote wawili?"

"Nimeshaeleza. Wote wawili."

"Ukampitia usingizi upesi?"

"Upesi sana. Dakika tano hivi."

"Yusufu alikuwa na kipandikizi. Aling'olewa jino, dawa ya jamii ya unga ikamwishia tumboni kama chaki. Ya daktari haikumgusa. Yako ilimgusaje kwa dakika tano?"

Fabian alimeza mate. "Labda kilikuwa kimeisha nguvu."

"Sista, kilikuwa kimeisha?"

"Bado," alisema Kerubo.

Mkono wa kushoto wa Fabian ukaacha takia. Ukashuka taratibu mpaka chini ya kitovu, na wote watatu wakauona, vidole viwili vikigonga mara mbili. Kichwa kikainama. Mariamu akatoa sauti ndogo na kurudi nyuma mpaka akagusa ukuta.

"Nani anaitikia huko ndani, Fabian?" Latifa aliuliza kwa upole.

"Hakuna mtu."

"Nyanyua shati."

"Mama, tafadhali."

"Nyanyua shati, mwanangu. Unaungua homa. Kama humwogopi polisi, liogope hilo."

Alilinyanyua. Kushoto, mahali pale pale, palikuwa na mishono mitano ya uzi wa maziwa. Ngozi ilikuwa imevimba na kung'aa rangi ya zambarau, na mistari myekundu ilikuwa imeanza kupanda kuelekea kifuani. Kerubo alichutama, akavaa glavu, akapapasa pembeni mwa mishono.

"Hii imeoza," alisema. "Bi Latifa, huyu hana siku tatu."

"Kinagonga," Fabian alimwambia, kama mtoto anayemshitaki mwenzake. "Tangu kiingie, sista. Nikikigonga mara mbili nacho kinanijibu. Mchana kutwa. Ni yeye, anataka chake."

"Ni usaha, kaka. Unapiga pamoja na moyo wako."

"Ni yeye."

Latifa aliweka daftari chini. Alikuwa na jambo moja lisilokaa mahali pake tangu kwenye basi, na sasa alilijua. "Ulimshona vizuri, mishono mitano kama takia la mtu mkubwa. Mtu hamshoni anayemtakia kifo. Wewe ulitaka aamke."

Hapo Fabian alivunjika. Sindano ilimponyoka ikaanguka. Alisema ameomba likizo mara tatu ili naye akawekewe kipandikizi, mara tatu amekataliwa. Kujitangaza huku kwamba ni teja hakuthubutu. Na kila siku anamwona mwenzake kitanda cha pili.

"Alikuwa analala, mama! Mtu analala mpaka anakoroma. Mimi sijalala hivyo tangu nina miaka ishirini. Nikasema yeye keshapona, amekaa nacho miezi mitatu, kinamtosha. Nilimpa vidonge vya usingizi kwenye maziwa. Nikavipondaponda. Alipolala nikampasua nikakitoa. Kilitoka kizima, kidogo hivi. Ningemwambia kaota jipu nikalitumbua. Nikajitia mimi, nikajishona, nikakaa kumngoja. Alasiri ikapita, jua likaanza kushuka. Namwita. Nilimngoja mpaka magharibi, mama, naapa kwa Mungu, namwita."

"Vidonge vingapi?"

"Sikuvihesabu. Niliogopa asije akaamka katikati."

Kutoka ukutani Mariamu alisema, "Na foili?"

Fabian alimtazama kwa mara ya kwanza. "Foili haikuwepo, dada."

"Hakuvuta?"

"Wiki moja kabla nilimkaribisha. Nilishika kabisa mkononi, namwambia pumzi moja tu. Akagonga hapa mara mbili, akasikiliza, akacheka. Akaniambia, 'Siwezi kukufungulia, Fabian. Kuna mtu ndani.'"

Bati la paa lilikuwa likidondosha umande, tone moja moja, juu ya vitambaa vyeupe.

Latifa alitoa simu. "Naita gari la wagonjwa na polisi. Wakifika nitawaambia polisi yote, na wewe utarudia haya haya."

"Wakikitoa watakitupa?" Fabian aliuliza.

Swali lile lilikuwa limemwelekea Mariamu. Alisogea, akasimama juu yake, akanyoosha vidole viwili vyake kuelekea ile ngozi iliyoiva.

"Usiguse, dada," Kerubo alisema. "Patapasuka."

Vidole vikabaki hewani, kitambo. Kisha akavikunja, akatoka nje, na Latifa, simu sikioni, akamwona kwenye mlango akiishika simu yake karibu na mdomo na kubonyeza kurekodi.

"Mama, shikamoo. Ni mimi. Hakurudia. Nimemsikia kwa masikio yangu mtu aliyekuwa naye. Alikaribishwa akakataa. Hakurudia, mama."

Akatuma. Akasimama akiitazama simu, ukungu ukimfunika mpaka magoti. Suleimani alishuka kwenye basi akaja akasimama hatua chache nyuma yake, kofia mkononi. King'ora kilianza kusikika mbali, upande wa barabara kuu.

Kabla hakijafika, simu ya Mariamu ikatoa mlio mdogo. Ujumbe wa sauti, sekunde mbili. Mariamu aliufungua na kuongeza sauti ili wote wasikie. Sauti ya mwanamke mzee ilisema jina moja tu, lile ambalo nyumba yake ilikatazwa kulitaja kwa siku kumi na mbili.

"Yusufu."